Kufundisha Kiswahili kwa wageni Mwanza: uajiriwe, uzunguke nyumba kwa nyumba, uingie mtandaoni au usake mikataba?

Muulize mwalimu yeyote wa wageni hapa Mwanza analipwaje, atakutajia bei ya saa moja. Elfu kumi na tano. Elfu thelathini. Dola kumi. Jibu hilo halikufikishi mbali kama uko njia panda: shule ya lugha imekuita kwenye usaili, daktari mmoja wa hospitali ya Bugando anataka umfundishe nyumbani kwake, rafiki yako anakusukuma ufungue akaunti mtandaoni, na umesikia fununu kwamba kuna mradi unatafuta mkufunzi wa wafanyakazi wake wapya. Zote nne ni kazi ya kufundisha Kiswahili. Pesa zake hazifanani hata kidogo, na ile yenye bei kubwa ya saa inaweza kukuachia kidogo kuliko zote mwisho wa mwezi.

Hapa chini nimeziweka njia hizo nne kwa vipimo vilevile. Viwango vya kodi, michango na makato ya majukwaa ni vya kweli. Bei za masomo nilizotumia kwenye hesabu ni za mfano tu, kwa hiyo weka za kwako uone zinatoa nini.

Vipimo

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni saa unazotoa ukilinganisha na saa unazolipwa. Ukitoka Buhongwa kwenda Capri Point kufundisha saa moja, umetoa saa ngapi? Hesabu daladala, kusubiri getini mpaka mlinzi apige simu ndani, kuandaa kitini usiku uliotangulia.

Cha pili: kipindi kikiahirishwa, hasara ni ya nani? Cha tatu ni miezi mikavu, maana kila kazi ya wageni ina msimu wake. Cha nne ni makato, yaani kodi, michango na kamisheni. Cha mwisho husahaulika: mwanafunzi ni wa nani? Akimaliza na kutaka kukuelekeza kwa mwenzake, anamwelekeza kwako au kwa aliyekuajiri?

Kuajiriwa kwenye shule ya lugha

*Kinachoingia.* Kazi hii ina mizizi kandokando ya ziwa. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni Bukumbi, kusini kidogo mwa Mwanza, mwaka 1883, na Wamaryknoll kutoka Marekani waliofika Musoma miaka ya 1940 ndio walioanzisha shule ya lugha pale Makoko, ambako mapadre, masista na walei wengi wamejifunza Kiswahili. Shule ya namna hii hulipa kwa mwezi. Tuseme mshahara ni 700,000. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 70,000, unabaki na 630,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya TRA, yaani mamlaka ya mapato, kipato hadi 270,000 hakitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kinachozidi hapo mpaka 760,000 ni asilimia 20. Kodi yako inakuwa 42,000, na mkononi unapokea 588,000. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, hiyo ni takriban 3,400 kwa saa.

Ukiitazama hivyo hivyo inaonekana pesa ya mchezo. Lakini mwajiri naye anakuchangia NSSF 70,000 nyingine, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 yenye malipo, ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na malipo ya mara moja na nusu kwa muda wa ziada. Mwalimu anayejitegemea hana hata kimoja katika hivyo. Akilazwa wiki mbili kwa malaria, pesa yake nayo imelazwa.

*Kinacholiwa.* Wanafunzi wa bweni wanataka mazungumzo jioni, wanataka kusindikizwa sokoni Jumamosi, wanataka kuulizauliza wakati wa chakula. Kwa ufundishaji hayo ni mazuri sana. Kwa mfuko wako ni saa za bure, isipokuwa kama yameandikwa kwenye mkataba. Tena uliza mapema kama unaajiriwa kweli au unachukuliwa kama mwalimu wa muda anayelipwa kwa kipindi pale tu wanafunzi wanapokuwepo. Wapo wanaoitwa "wafanyakazi wetu" na kumbe kozi ikiisha wanakaa nyumbani bila senti.

*Miezi mikavu.* Kwa aliyeajiriwa, ukavu ni wa shule. Kwa mwalimu wa muda, ni wake.

*Inamfaa nani.* Anayeanza. Unapata mtaala uliokwisha pikwa, wenzako wa kukusahihisha, na wanafunzi ambao hukuwatafuta. Mtu aliyesoma Kiswahili chuoni hajui bado namna ya kumweleza Mjerumani kwa nini tunasema "kiti kizuri" na "meza nzuri", na ni afadhali ajifunzie hilo kwenye mshahara wa mtu mwingine. Inamfaa pia mwenye familia inayohitaji tarehe ya malipo inayojulikana. Kuhusu mwanafunzi ni wa nani, hapa hakuna ubishi: ni wa shule, na baadhi ya mikataba inakukataza kabisa kumfundisha pembeni. Isome kabla ya kusaini.

Kuzunguka nyumba kwa nyumba

*Kinachoingia.* Bei unapanga mwenyewe, na unalipwa siku hiyohiyo kwa M-Pesa au taslimu. Kuna waliozoea kutaja bei kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini, kwa hiyo taja shilingi na upokee shilingi. Mgeni mwenye mwajiri makini atakuuliza jambo hilo yeye mwenyewe.

Sasa hesabu. Tuseme unatoza 20,000 kwa saa, na kipindi ni saa moja na nusu Isamilo. Ni 30,000. Toa nauli na bodaboda ya kupandia mlima, tuseme 6,000 kwenda na kurudi. Zinabaki 24,000. Umetumia saa moja na nusu njiani, moja na nusu kufundisha, na nusu saa kuandaa: jumla saa tatu na nusu. Kila saa uliyotoa imekuletea kama 6,850. Hiyo ndiyo bei yako halisi, hiyo elfu ishirini ni bei ya kwenye mazungumzo.

Uzuri ni kwamba hesabu hii unaweza kuibadili bila kumwongezea mwanafunzi hata shilingi. Ukipata wanafunzi wawili mtaa mmoja, vipindi vyao vikifuatana siku ileile, nauli na muda wa njiani vinagawanyika. Mwalimu mwenye wanafunzi watatu Capri Point kwa siku mbili za wiki anamshinda mwenye watano waliotawanyika Bwiru, Nyegezi, Igoma, Kiseke na Pasiansi, hata kama wote wanatoza sawa. Ndiyo maana nasema chagua mtaa kabla ya kuchagua bei. Ng'ambo ya ghuba nako kumefunguka: tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, kwenda upande wa Sengerema hakuna tena kusubiri kivuko pale. Ila kilomita ni zilezile na nauli hulipwi na mtu.

*Kinacholiwa.* Kuahirisha. Mgeni anakuandikia ujumbe saa moja asubuhi kwamba amepata mkutano, wakati wewe tayari uko Buzuruga unasubiri gari. Dawa ni malipo ya awali: uza vipindi kumi kwa pamoja, na andika kwa lugha anayoielewa kwamba kipindi kilichofutwa ndani ya saa 24 kinahesabika. Wengi wanakubali bila kinyongo kwa sababu huko kwao ndivyo mambo yalivyo. Anayeona haya ni sisi. Na ratiba iandike kwa saa za aina zote mbili. Ukimwambia "saa nne" naye akaja saa kumi jioni, mmepoteza kipindi, na hakuna wa kumdai.

*Miezi mikavu.* Desemba wageni wengi wanakwenda kwao. Juni mpaka Agosti wanakuja wanafunzi na wa kujitolea, lakini hao hukaa wiki chache na mfuko wao ni mwepesi. Kuna jambo lingine la kujua. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani lugha hukadiria kwamba Mmarekani anahitaji wiki 36, yaani zaidi ya saa 800 za darasani, ili Kiswahili chake kifike kiwango cha kazi. Mgeni wa saa mbili kwa wiki angehitaji kama miaka minane! Hatafika. Wengi huacha pale wanapoweza kupatana bei sokoni Kirumba na kumwelekeza dereva wa bajaji. Kwa hiyo kutafuta mwanafunzi mpya ni sehemu ya kazi yako ya kila mwezi, hata ukiwa umejaa.

*Inamfaa nani.* Anayeishi karibu na wageni, anayeweza kusema "hapana" bila kutetemeka, na mwenye akiba ya miezi miwili hivi. Mwanafunzi hapa ni wako asilimia mia, na sifa ikienea kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule ya kimataifa, huhitaji tangazo lingine.

Mtandaoni

*Kinachoingia.* Kwenye majukwaa ya kufundishia lugha kama Preply na italki unapanga bei mwenyewe kwa dola, na bei za wenzako ziko wazi kwa kila mtu. Pita uzisome kabla ya kupanga yako. Usianze na bei ya chini kuliko wote. Utawapata wanaotafuta rahisi, na hao huondoka wakiona rahisi zaidi.

*Kinacholiwa.* Hapa ndipo watu wanashtuka. Preply huchukua malipo yote ya kipindi cha kwanza cha majaribio cha kila mwanafunzi mpya. Baada ya hapo kamisheni huanzia asilimia 33 na kushuka kadiri saa zako zinavyoongezeka, mpaka asilimia 18 ukishavuka saa 400. Kwa bei ya dola 10, mwanzoni unabaki na 6.70, ukishakuwa mkongwe unabaki na 8.20. Mwalimu anayepata wanafunzi wengi wapya ambao hawarudi anafanya kazi nyingi za bure, hivyo mwanafunzi mmoja anayedumu mwaka ana faida kuliko kumi wa kuonja. italki haili kipindi cha majaribio namna hiyo, kamisheni yake ni asilimia, lakini ushindani wa bei nao upo.

Ongeza bando, gharama ya kutoa pesa kupitia Payoneer (huduma ya malipo ya mtandaoni) au benki, na kubadili dola. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka sana. Aliyekuwa amepigia mahesabu ya ada ya mtoto kwa kiwango cha Septemba aliliona pengo Desemba.

Kisha kuna saa za dunia. Mfanyakazi wa New York anayetaka kusoma saa mbili usiku kwake, wewe kwako ni saa kumi alfajiri wakati wa baridi yao, na saa tisa usiku wakati wa kiangazi chao. Wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi. Mwanafunzi wa London ni mwema zaidi: saa moja jioni kwake ni saa tatu au nne usiku Mwanza, watoto wameshalala.

Muda wa njiani ni sifuri, na hilo ndilo jambo linaloifanya njia hii iwe na nguvu. Dola 6.70 kwa mfano wa shilingi 2,500 ni 16,750. Ukiweka nusu saa ya maandalizi, ni kama 11,150 kwa kila saa uliyotoa. Linganisha na yule wa Isamilo hapo juu.

*Miezi mikavu.* Wanafunzi wako wametapakaa duniani, hivyo msimu wa Mwanza haukuhusu. Kinachokuhusu ni umeme na mtandao. Oktoba 2025, kipindi cha uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Hakuna taa ya sola wala betri ya kompyuta mpakato inayotatua hilo.

*Inamfaa nani.* Mwenye mahali patulivu (kama chumba kimetenganishwa na grosari kwa ukuta mmoja, fikiria tena), anayezungumza Kiingereza vizuri au lugha nyingine ya kigeni, na mwenye subira ya miezi ya mwanzo. Inamfaa sana mama mwenye mtoto mchanga, na mtu anayeishi mbali na wageni, Magu au Ukerewe, mradi mtandao upo. Mwanafunzi, kwa masharti ya majukwaa, si wako; kumtoa nje ili mlipane pembeni kunaweza kukufungia akaunti.

Mikataba na taasisi

*Kinachoingia.* Hospitali, miradi ya utafiti, shule za kimataifa, mashirika ya dini na migodi ya Geita na Kahama huwa na watu wapya wanaohitaji Kiswahili cha kazi. Tuseme umepewa saa 60 kwa 30,000: ni 1,800,000. Watakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani 90,000, nawe udai hati yake kwa sababu inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Bila TIN (namba ya mlipakodi) na ankara mazungumzo hayaanzi. Ukijumlisha saa 25 za kuandaa na 20 za njiani, zile 1,710,000 zinagawanywa kwa saa 105: kama 16,300 kwa saa. Katika mifano yangu hakuna njia nyingine iliyofikisha hapo.

*Kinacholiwa.* Muda wa kungoja. Pendekezo, kikao, idhini, saini, kisha malipo yanayokuja wiki kadhaa baada ya kazi kwisha. Omba sehemu mwanzoni, angalau theluthi. Kundi nalo lina mambo yake: wapo wanaojua kidogo na wapo wasiojua hata "habari", na wote wamelipiwa.

*Miezi mikavu.* Ndiyo njia yenye mabonde marefu kuliko zote. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi iliyoitegemea ilisimama, na mafunzo ya lugha si kitu ambacho shirika hulinda bajeti ikipungua. Mikataba miwili mizuri inaweza kufuatiwa na nusu mwaka wa kimya.

*Inamfaa nani.* Mwalimu mzoefu mwenye njia nyingine ya kumlisha katikati ya mikataba.

Vinavyopandisha bei, njia yoyote utakayoshika

Kiswahili cha kazi maalumu kinalipa kuliko Kiswahili cha "hujambo, sijambo". Daktari mgeni hahitaji kujua hadithi ya sungura na fisi. Anahitaji kuelewa mgonjwa anaposema tumbo linasokota, mwili hauna nguvu, au mtoto "amebadilika macho". Mwalimu mwenye kitini cha wodini, chenye maswali ya daktari na majibu ya kweli ya wagonjwa, hashindanishwi bei na mwenye kitabu cha kawaida.

Kisukuma nacho. Pale Bugando wanafika wazee kutoka vijijini ambao Kiswahili chao ni cha kuungaunga, na watafiti wanaokwenda Kisesa na Magu hukutana na hali hiyo kila siku. Ukiweza kuongeza vipindi vichache vya Kisukuma cha salamu na heshima, unauza kitu ambacho mwalimu wa Dar es Salaam hana. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaokiweka kwenye tangazo lao.

Uwezo wa kueleza ngeli kwa utulivu, bila "ndivyo tunavyosema tu", unaonekana kipindi cha kwanza. Cheti husaidia zaidi kwa taasisi kuliko kwa mtu binafsi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, huendesha mafunzo ya walimu wa Kiswahili kwa wageni, na mhasibu wa shirika anapenda karatasi. Mtu binafsi anauliza kwa jirani yake.

Shahada yenyewe, kusema kweli, hubadili bei kidogo. Mwenye shahada ya uzamili anayechelewa dakika ishirini hupoteza wanafunzi kwa kijana wa kidato cha sita anayefika na kitini kilichochapwa.

Kwa hali yako

Umemaliza chuo juzi na hujawahi kumfundisha mgeni: tafuta shule ya lugha, hata kwa mkataba wa msimu mmoja, na hakikisha umeandikiwa idadi ya saa.

Una kazi tayari, labda ualimu wa sekondari, na unataka nyongeza: mwanafunzi mmoja au wawili wa jioni karibu na unapoishi au unapofanyia kazi. Mtandao pia unafaa kama unaweza kukesha mara mbili kwa wiki na bado ukasimama darasani asubuhi.

Unategemea kazi hii pekee na una watu wanaokutegemea: usishike njia moja. Mpangilio ninaouona unadumu ni wanafunzi wa mtaa mmoja siku mbili, wa mtandaoni usiku tatu, na pendekezo la mkataba linaloendelea kungoja jibu mahali fulani. Kama umepewa ajira yenye NSSF na bima, pima mara mbili kabla ya kuikataa kwa sababu ya bei ya saa.

Una uzoefu wa miaka kadhaa, vitini vyako na sifa mjini: anza kuandika mapendekezo kwa taasisi, ukianza na zile ambazo mwanafunzi wako wa zamani anafanya kazi. Mpe yeye nakala kwanza aipitie, maana yeye ndiye anayejua nani anasaini.

Uko Ukerewe, Sengerema au Musoma mjini, ambako wageni ni wachache: mtandao uwe msingi, na mgeni wa mtaani mtoze bei ileile anayotozwa wa Mwanza.